Jina Hufuata Shamba, Damu Hufuata Njia Zake

Mwaka 1750 tajiri mmoja wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alibadilishiwa jina kwa sheria ya Bunge. Alikuwa akiitwa Sir Hugh Smithson, jina la Kiingereza tupu ambalo maana yake ni mwana wa mhunzi. Mkewe, Elizabeth Seymour, ndiye aliyerithi ardhi na ngome za ukoo wa Percy, ukoo uliovuka bahari kutoka Normandy enzi za William Mshindi. Urithi mkubwa namna ile ulitaka jina lake. Smithson akawa Percy, na mwaka 1766 akapandishwa cheo kuwa Duke wa Northumberland. Wazao wake bado wanamiliki ngome ya Alnwick, na bado wanaitwa Percy.

Hugh alikuwa na mtoto mwingine, aliyezaliwa nje ya ndoa, jina lake James. Kijana huyo alikua akitumia jina la mama yake, Macie, akasoma, akawa mwanakemia. Mama alipofariki mwaka 1800, James alichukua jina la Smithson, lilelile ambalo baba yake alikuwa ameliacha. Hakuwa na mke wala mtoto, na mali yake hatimaye ikaenda kwa taifa la Marekani, ambalo hakuwahi kulikanyaga. Kwa fedha hizo ikaanzishwa mwaka 1846 Taasisi ya Smithsonian ya Washington, moja ya hazina kubwa za makumbusho na utafiti duniani.

Baba mmoja, majina mawili. Waliolelewa kama warithi walipata jina la Kinormani ambalo baba yao hakuzaliwa nalo, na aliyezaliwa nje akabeba jina la mhunzi. Mtu akitaka kuelewa majina ya ukoo ya Waingereza yenye asili ya Kinormani, na akae na kisa hiki. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanahistoria, wataalamu wa vinasaba na wachumi wamekuwa wakiyachunguza majina hayo kama ushahidi wa kisayansi. Waliyoyagundua yanamhusu kila mtu mwenye jina: jina la ukoo hushika kumbukumbu ya ardhi na madaraka kwanza, na kumbukumbu ya damu kwa kubahatisha.

Waliokuja na majina ya vijiji

Tarehe 14 Oktoba 1066, jeshi la William, Duke wa Normandy, lilimshinda na kumuua Mfalme Harold katika vita vya Hastings, kusini mwa Uingereza. Wanormani wenyewe walikuwa watu wa mchanganyiko. Babu zao walikuwa Waviking ambao mwaka 911, chini ya kiongozi wao Rollo, walipewa ardhi kaskazini mwa Ufaransa. Baada ya vizazi vichache walikuwa wakisema Kifaransa na kusali Kikristo. Walioingia Uingereza walikuwa maelfu machache tu, katika nchi inayokadiriwa kuwa na watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili.

Hao wachache walichukua karibu ardhi yote. William alipoagiza hesabu ya kila shamba, kinu na jembe la kukokotwa na maksai, makarani walitoa Domesday Book ya mwaka 1086, iliyoandikwa Kilatini juu ya ngozi. Ipo mpaka leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Ukifuatilia wamiliki wakubwa waliotajwa humo, Mwingereza wa asili ni wa kutafuta. Huyu hapa William de Percy, bwana wa mashamba Yorkshire na Lincolnshire. Wenzake nao wametajwa kwa mtindo huohuo: jina la mtu, kisha neno la "kutoka", kisha kijiji cha ng'ambo.

Waingereza wengi wa wakati ule walikuwa na jina moja tu. Kama kijijini walikuwapo akina Godwin wawili, mmoja alitofautishwa kwa jina la baba yake au kwa lakabu, na akifa lakabu ilizikwa naye. Mabwana wa Kinormani walikuwa na sababu ya kuling'ang'ania jina. Ardhi ilishikwa kwa hisani ya mfalme, na mwana aliyedai shamba la marehemu baba yake alipaswa kuthibitisha mbele ya mahakama kwamba yeye ndiye mrithi. Jina lisilobadilika likawa sehemu ya hati ya shamba. Mafundi na wakulima nao wakafuata polepole. Katika orodha za kodi ya kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381 tunawakuta watu wa kawaida wakiandikwa kwa majina mawili, na ilipofika mwaka 1400 hivi Waingereza wengi walikuwa na jina la kurithisha.

Mji mpya, shamba zuri, mwindaji mkuu

Majina hayo yana maana, na nyingi ni za kawaida kabisa. Mashabiki wa Manchester United wanawakumbuka ndugu wawili, Gary na Phil Neville. Neville ni "mji mpya", jina la vijiji kadhaa vya Normandy. Nahodha wa zamani wa timu hiyo, Steve Bruce, ana jina linalotokana na kijiji cha Brix, lililofika Scotland na kuipa mfalme, Robert Bruce. Beaumont ni "mlima mzuri". Beauchamp ni "shamba zuri", ingawa Waingereza wenyewe hulitamka kama Bichamu. Mortimer linatoka Mortemer, Montgomery kwenye kijiji cha jina hilo huko Normandy, na Sinclair kwenye mahali palipoitwa Saint-Clair, yaani Mtakatifu Clair.

Hilo la mwisho lilifika hadi Unguja. Mwenye kupita Mnazi Mmoja huliona jengo jeupe lenye kuba, Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925. Aliyelisanifu ni J. H. Sinclair, msanifu majengo aliyepanda hadi kuwa Mwakilishi Mkazi wa Uingereza visiwani. Jina la kijiji cha Ufaransa lilipita Scotland, likapanda meli ya dola, likashuka forodhani Zanzibar.

Kundi la pili ni lakabu. Russell alikuwa mtu wa nywele nyekundu. Giffard alikuwa na mashavu yaliyojaa. Grosvenor, ukoo unaomiliki sehemu kubwa ya mitaa ya kifahari ya London, ni "mwindaji mkuu".

Kundi la tatu ni la Fitz, ambalo msomaji wa pwani atalielewa mara moja, kwa kuwa ndilo "bin" la Wanormani. FitzGerald ni bin Gerald, FitzWilliam ni bin William. FitzRoy ni mwana wa mfalme, jina walilopewa mara nyingi watoto ambao wafalme waliwazaa nje ya ndoa. Robert FitzRoy, nahodha aliyemchukua Charles Darwin katika meli ya Beagle na baadaye kuasisi utabiri wa hali ya hewa Uingereza, alitokana na mwana wa namna hiyo wa Mfalme Charles II. Tofauti na bin yetu, Fitz iliganda. Wa kwanza alikuwa kweli mwana wa Gerald, lakini wajukuu, vitukuu na vilembwe wao wote wakaendelea kuitwa FitzGerald. Rais John Fitzgerald Kennedy wa Marekani alilipata la katikati kwa mama yake, Rose Fitzgerald.

Kundi la nne ni la kazi. Butler alitunza chupa za mvinyo za bwana, Chamberlain alisimamia vyumba vyake, Spencer aligawa vyakula vya ghalani, Marshall alitunza farasi. Taylor ni fundi cherehani wa zama ambazo cherehani haijabuniwa, na ni miongoni mwa majina yanayopatikana kwa wingi kabisa Uingereza leo.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Neno la Taylor lilikuja na Kifaransa cha watawala, lakini mshonaji aliyeitwa hivyo kijijini alikuwa Mwingereza kama jirani zake. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya ubatizo. William, Robert, Richard na Henry yalikuwa majina ya mabwana, na baada ya vizazi vichache wakulima wa Kiingereza walikuwa wakiwapa watoto wao majina hayohayo, huku ya kienyeji mengi yakiachwa. Humo ndimo yalimozaliwa majina ya Williams, Robertson, Richardson na Harrison. Ni majina ya Kinormani yaliyovaliwa na watu waliotawaliwa na Wanormani.

Kutenganisha haya ni kazi ya subira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, walikusanya maandishi ya kale ya kila jina na kuyalinganisha na mahali wenye jina hilo walipoishi wakati wa sensa ya mwaka 1881. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika kamusi ya mabuku manne yenye majina zaidi ya 45,000. Kanuni yao ni moja: sauti ya jina haitoshi, tafuta lilivyoandikwa mara ya kwanza na wapi. Darcy lina sauti ya Kinormani, na kweli wapo akina Darcy waliotoka Arcy. Lakini huko Ireland wengi walikuwa wakiitwa Ó Dorchaidhe, jina la Kiairishi, mpaka makarani walipoliandika kwa sura iliyokuwa na heshima zaidi. Kwenye visiwa vya Karibi, watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika wanabeba hadi leo majina ya wamiliki wa mashamba ya miwa. Jina linaweza kumfikia mtu kwa ndoa, kwa heshima, kwa kalamu ya karani au kwa mjeledi.

Maabara ya Leicester

Je, damu inasemaje? Hapa iliingia sayansi ya vinasaba, kwa sababu ya jambo rahisi la kimaumbile. Kila mwanamume ana kromosomu Y, aliyoipata kwa baba yake peke yake, naye baba kwa babu. Mama hana sehemu ndani yake. Jina la ukoo la Kiingereza nalo husafiri kwa baba kwenda kwa mwana. Kama desturi imeshikwa bila kukatika, jina na kromosomu hiyo vinapaswa kufika pamoja.

Kromosomu Y haiendi bila mabadiliko. Ni kama kitabu kinachonakiliwa kwa mkono: kila baada ya nakala kadhaa huingia kosa dogo la herufi, na anayenakili baadaye hulirudia. Wanaume wawili wenye makosa yaleyale wamenakiliwa kutoka kitabu kimoja, na wingi wa tofauti kati yao hukadiria ni vizazi vingapi vimepita tangu babu yao wa pamoja.

Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford aliwapima wanaume walioitwa Sykes kama yeye, akakuta karibu nusu yao wana kromosomu moja. Kisha Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester wakafanya kazi pana zaidi, iliyochapishwa mwaka 2009, wakipima wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti. Matokeo yalitegemea uhaba wa jina. Akina Smith hawakuwa na undugu zaidi ya watu wawili waliokutana kituo cha basi, jambo linaloeleweka kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Lakini kwa jina adimu la Attenborough, ambalo wengi wanalijua kwa mtangazaji wa vipindi vya wanyama David Attenborough, asilimia 87 ya wanaume waliopimwa walikuwa na kromosomu ya aina moja. Kwao jina na damu vimekwenda pamoja kwa mamia ya miaka.

Utafiti huo uliondoa pia uvumi wa siku nyingi kwamba watoto wengi si wa baba wanaodhaniwa. Makadirio kutokana na majina haya ni kwamba kiungo hukatika kwa asilimia chache tu katika kila kizazi, iwe kwa uzazi wa nje, kwa kulea mtoto wa mwingine au kwa kubadili jina. Kwa nyumba moja ni nadra. Kwa ukoo wa vizazi 30, asilimia chache zikijirudia mara 30 hufanya mkatiko kuwa jambo la kutarajiwa.

Maabara hiyohiyo ilikutana na jambo linalotugusa Waafrika. Mwingereza mweupe, asiyejua habari yoyote ya asili ya Kiafrika katika familia yake, alikutwa na kromosomu Y ya aina inayopatikana Afrika Magharibi. Alikuwa na jina adimu la Yorkshire mashariki. Watafiti wakawatafuta wanaume 18 wenye jina hilo, na saba kati yao walikuwa nayo. Nasaba zao kwenye karatasi zilirudi Yorkshire ya miaka ya 1780, na babu yao wa pamoja lazima aliishi kabla ya hapo. Ripoti ilitoka mwaka 2007. Mwafrika mmoja, pengine mtumwa, pengine baharia, pengine mwana wa waliokuja karne nyingi kabla, aliacha wazao ndani ya jina la Kiingereza, na jina lile halikusema neno.

Waliobeba ukoo ni mabinti

Karatasi za kale zilikuwa zimeshatoa onyo kabla ya maabara. Tuwarudie akina Percy. Hata kabla ya Hugh Smithson, katika karne ya 12, ukoo ulibakiwa na mrithi wa kike, Agnes de Percy. Aliolewa na Jocelin wa Louvain, mtoto wa mtawala wa Louvain, ambayo leo imo Ubelgiji, na watoto wakachukua jina la mama. Jina la Percy limeokolewa na mwanamke zaidi ya mara moja.

Akina Neville vilevile. Mwanzoni mwa karne ya 13 mrithi wao alikuwa Isabel de Neville. Mumewe, Robert bin Meldred, bwana wa Raby, hakuwa Mnormani. Alitoka katika moja ya koo chache kubwa za Kiingereza zilizookoka baada ya 1066. Mtoto wao Geoffrey akaona faida ya kujiita Neville. Kwa hiyo Richard Neville, yule kabaila wa karne ya 15 aliyesimika na kuangusha wafalme, kwa upande wa baba alikuwa Mwingereza wa asili ndani ya jina la Kifaransa. Walioshindwa walikuwa wamerudi madarakani kupitia jina la washindi, na aliyewafungulia mlango alikuwa mwanamke.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua hapo mifupa ya mwanamume mwenye uti wa mgongo uliopinda, aliyekufa kwa majeraha ya vita. Alidhaniwa kuwa Richard III, mfalme aliyeuawa Bosworth mwaka 1485, mtoto wa Cecily Neville wa ukoo uleule. Turi King na wenzake walitumia njia mbili. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria, ambayo kila mtu huipata kwa mama yake tu. Waliwapata wazao wawili wa dada wa mfalme, Anne, kwa mstari wa mabinti mtupu, na DNA zao zikaafikiana na ya mifupa. Ya pili ni kromosomu Y, na hapo waliwapima wanaume watano wa nasaba ya Duke wa Beaufort, ambao kwa karatasi wanashiriki babu na Richard, Mfalme Edward III. Hakuna hata mmoja aliyeafikiana. Katika mnyororo wa akina baba 19, mahali fulani palikatika.

Tuyapime matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014. Mstari wa baba ulilindwa na vyeo, ngao, makarani na makaburi ya marumaru, na haukufika. Mstari wa mama, ambao jina lake lilibadilika kwa kila ndoa mpaka hakuna aliyeufuatilia, ulifika mzima baada ya miaka zaidi ya 500.

Mzizi mmoja kati ya bilioni

Hata pale jina na damu vinapokwenda pamoja, jina linasimulia sehemu ndogo mno. Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na kizazi kilichotangulia wanane. Ukirudi vizazi kumi wanakuwa 1,024. Kutoka leo hadi 1066 ni vizazi 30 na ushei, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 30 hupita bilioni moja. Dunia ya wakati ule haikuwa na watu wengi hivyo, maana yake ni kwamba mababu walewale wanajirudia kwa njia nyingi, na koo zote zimesukana. Karibu kila mwenye asili ya Uingereza leo ana Mnormani miongoni mwa wahenga wake, na ana pia mtwana aliyelima shamba la Mnormani huyo. Jina la ukoo limemchagua mmoja kati ya hao wote na kuwanyamazisha wengine.

Uchunguzi mkubwa wa vinasaba vya watu 2,039 wa vijijini Uingereza, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015, uliwagawa katika makundi 17 yanayolingana na mahali wanapotoka. Hakuna kundi la Wanormani. Walioacha majina yao kila mahali waliyeyuka ndani ya wenyeji.

Majina mengi pia hufa. Katika karne ya 19 Francis Galton alijiuliza kwa nini koo kubwa huisha, akashirikiana na mchungaji aliyekuwa mwanahisabati, Henry William Watson. Hesabu yao ni hii: kila mwanamume ana uwezekano fulani wa kukosa mtoto wa kiume, mwingine wa kupata mmoja, wawili au watatu. Rudia vizazi kadhaa, na hata watu wote wakiwa na afya na mali, majina mengi yatatoweka kwa bahati tu huku machache yakitanuka. Hesabu hiyo sasa inatumika kwa mambo mazito kuliko ufahari wa makabaila. Wanafizikia huitumia kufuatilia mnyororo wa nyuklia, na wataalamu wa afya huitumia kujua kama ugonjwa mpya utazimika wenyewe au utalipuka, kulingana na kila mgonjwa anawaambukiza wangapi.

Kinachorithiwa kikaidi

Damu imechanganyika, majina yamekatika na kuungwa. Mtu angetarajia basi kwamba faida ya mwaka 1066 imekwisha zamani. Gregory Clark wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake Neil Cummins waliamua kupima. Walikusanya orodha za wanafunzi wa Oxford na Cambridge kuanzia mwaka 1170 hadi 2012, wakatafuta majina ya wamiliki wa ardhi wa Kinormani waliotajwa katika Domesday Book. Kwa karne zaidi ya nane majina hayo yameendelea kuonekana vyuoni humo kuliko idadi ya wenye nayo inavyostahili. Pengo limepungua kwa kila kizazi, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Walihitimisha kwamba hadhi ya familia hurithiwa kwa nguvu kuliko hata urefu wa mwili.

Wasomi wengine wamepinga ukubwa wa makadirio hayo, wakisema wastani wa kundi la jina si sawa na maisha ya familia moja moja. Mjadala huo ni halali. Hata hivyo takwimu zilezile zina upande wa matumaini: majina ya mafundi kama Smith, Baker na Cook, ambayo wenyewe mwanzoni hawakujua kusoma, yalikuwa yameshafika vyuoni humo kwa kiwango cha wengine wote ilipofika mwaka 1500 hivi. Familia hupanda, na hushuka. Kinachochukua muda mrefu kuyeyuka ni faida ya kuanza na ardhi, na hasara ya kuanza bila nayo. Hili kila nchi inayogawa mashamba leo ilikumbuke, kwa sababu mgawanyo wa mwaka mmoja unaweza kusomeka katika orodha za wanafunzi karne kadhaa baadaye.

Linalomhusu kila mwenye jina

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaandikishwa shule kwa jina letu, la baba na la babu, na jina la mwisho husogea kwa kila kizazi. Linapoganda ni kwenye pasipoti, hati ya kiwanja au fomu ya benki, pale karani anapotaka jina moja la ukoo kwa wote. Ndiyo njia ileile waliyopita Waingereza wa karne ya 14, na mafunzo yao yanatufaa.

La kwanza ni la tahadhari. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Yaniv Erlich lilionyesha katika jarida la Science kwamba mwanamume aliyetoa DNA bila kutajwa jina anaweza kutambuliwa. Walichukua kromosomu Y kutoka kwenye hazina za utafiti, wakailinganisha na tovuti za nasaba ambako watu huweka matokeo yao pamoja na jina la ukoo, wakaongeza umri na jimbo, wakawatambua watu karibu 50. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaponunua vipimo vya asili, wajue kwamba mate ya mtu mmoja hufichua pia kaka, binamu na watoto ambao hawajaulizwa. Kuuliza nyumbani kwanza ni haki ya wengine. Na yeyote anayeuziwa ngao ya "ukoo wako wa Kinormani" kwa sababu ya jina tu, anauziwa karatasi.

La pili ni la heshima. Kumpandisha mtu kwa sababu ya jina lake, au kumdharau kwa hilo, ni kumhukumu kwa uzi mmoja kati ya maelfu yaliyomfuma, tena uzi ambao huenda uliunganishwa na karani.

La tatu ni la kufanya. Familia nyingi zina daftari au Biblia au msahafu wenye majina ya wazee yaliyoandikwa ukurasa wa mbele, na mara nyingi ni wanaume watupu. Yaandikwe na ya akina mama: bibi mzaa mama aliitwa nani, alizaliwa wapi, mama yake alikuwa binti wa nani. Yaandikwe na ya watoto waliolelewa, na walikotoka, kwa kuwa nao ni ukoo. Koo za Percy na Neville zingekuwa habari ya makaburini kama si Agnes na Isabel, na mifupa ya mfalme ilitambuliwa kwa msaada wa mstari wa mabinti ambao hakuna ngao iliyowahi kuutaja. Wazee wenye kumbukumbu hizo wangali hai katika nyumba nyingi, na kuwauliza hakuhitaji maabara.